Mkono Ukishatoka

9 Januari 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako nayo iwe nzima, maana najua ikiugua yenyewe mnaugua wote wawili.

Mimi sijambo. Nyumba ni nzuri kama mlivyoambiwa siku ya posa: vyumba viwili, sebule, na bafu la ndani. Mwenzangu hutoka asubuhi kwenda ofisini. Mimi nimepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, mtaa wa pili kutoka hapa. Nakanda unga. Msimamizi wetu ni mama mmoja mnene tunayemwita Bi. Chachu, kwa sababu ukimuudhi anaumuka palepale. Mwenzangu mwanzoni hakutaka nifanye kazi. Tulizungumza, sasa amekubali.

Mama, kuna kitu nilitaka kukuuliza. Marehemu baba akikasirika alikuwa anafanya nini? Mimi nakumbuka alikuwa anatoka nje, anakaa kwenye ngazi mpaka hasira ishuke. Sijui kama nakumbuka sawasawa. Watu hawafanani, najua.

Nilikuwa nafikiria mwezi ujao nije nyumbani nikae kidogo. Si kwamba kuna ubaya. Nimechoka tu, na nimekikumbuka chumba changu. Ukiona inafaa niambie, nami nitatafuta namna ya kumwambia mwenzangu.

Mwanao

*

21 Januari 1996

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia una kazi. Mwanamke asiyekuwa na chake ni kama nguo isiyo na pindo, uzi mmoja tu ukivutwa yote inafumuka.

Baba yako alikuwa mtu wa peke yake. Usimpime mumeo kwa marehemu; marehemu wote ni wema. Mwaka wa kwanza wa ndoa una mikwaruzo yake. Hata vikombe vya kabati moja hugongana, na hakuna anayevitupa. Kuhusu kuja nyumbani, mwanangu, fikiri kwanza. Ukirudi kabla mwaka haujaisha watu watasema nini? Ataanza mama yako mdogo, majirani watamalizia. Vumilia. Uchovu utapita. Na chumba chako kwa sasa nimekijaza vitambaa, hata pa kuweka mguu hapana.

Maana na mimi nimepata kazi ya ajabu. Kuna ukumbi umefunguliwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wanafundisha judo. Ni mchezo wa kuvutana na kuangushana, wenyewe wanasema ni sanaa. Mwalimu wao wanamwita Komeo, kwa kuwa akikushika hafunguki mpaka apende. Kanipa kazi ya kushona sare. Ukosi wake ni mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe! Sindano zinavunjika kama njiti. Nikimaliza sare moja, vidole vyangu havitaki hata kushika kijiko.

Msalimie sana mumeo.

Mama yako

*

14 Julai 1996

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, kazi ni nyingi.

Naomba unishonee gauni moja la kuvaa kazini na kutokea. Rangi yoyote iliyokoza. Mikono iwe mirefu mpaka kwenye viganja, na shingo ifungwe kwa vifungo mpaka juu kabisa. Kiuno upunguze kidogo kwenye kile kipimo chako cha zamani. Kifua pia.

Hapa tuko salama.

Mwanao

Shikamoo Mama. Ni mimi mkweo. Nimeona nami nitie neno. Tuko wazima na mwanao ananitunza vizuri. Chakula chake kinaendelea kuwa bora. Usiwe na wasiwasi nasi. M.

*

2 Agosti 1996

Wanangu wapendwa,

Gauni hilo hapo, nimelituma pamoja na barua. Nimetumia kitambaa chepesi maana najua kwenu joto linapika watu mwaka mzima, na wewe uko mbele ya tanuri. Mikono nimeifikisha kwenye viganja kama ulivyosema. Niliikata, nikaiweka mezani, nikakaa nayo jioni nzima kabla ya kuishona. Binti yangu tangu utotoni hapendi nguo yenye mikono. Lakini watu hubadilika.

Mkwe, ahsante kwa salamu.

Sasa nicheke nanyi. Sare za judo zilikuwa zinarudishwa zimechanika palepale pa ukosi, nikasema hapana, lazima nione wanazifanyia nini. Nikaenda ukumbini nikakaa pembeni. Komeo akaniambia, "Mama Fundi, kwa macho hutaona kitu. Panda mkekani uvutwe." Nikamwambia mimi nimeshavuka hamsini, magoti yangu yanalia kama bawaba. Akasema, "Hayo magoti ndiyo tunayoyataka, yatakuwa na adabu."

Basi nimepanda. Kitu cha kwanza wanachofundisha si kumwangusha mtu, ni kuanguka mwenyewe. Siku nzima tunaanguka. Nimefika nyumbani nimechakaa kama gunia. Lakini nimesema nitarudi. Nisiulizwe kwa nini, mimi mwenyewe sijui, au najua na sitaki kuliandika.

Nijibu, mwanangu. Hata mistari miwili.

Mama yako

*

10 Machi 1997

Mwanangu,

Nimekuandikia na kukuandikia, hujajibu. Naambiwa posta inachelewa. Haya, posta na ichelewe, mimi nitaendelea.

Huku hakuna jipya ila judo yangu. Majirani wameshanizoea, wanaponiona na mkoba wanasema, "Bibi harusi wa mkeka huyo anapita." Darasa la jioni la wanawake tuko wachache: muuza maziwa, karani wa mahakama, mwalimu wa chekechea, na mimi. Juzi Komeo alitufundisha kitu chepesi kabisa, nakusimulia tu upate kucheka. Mtu akikushika kifundo cha mkono, wengi tunavuta kurudi nyuma. Kosa. Mshiko wa mtu yeyote, hata awe na nguvu za fahali, una mlango mmoja tu, nao ni pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Geuza mkono wako upande huo wa gumba, kunja kiwiko, tokea hapohapo. Unatoka kama uzi kwenye tundu la sindano. Muuza maziwa alijaribu kwa Komeo mwenyewe, akatoka! Tulipiga vigelegele.

Jaribu siku moja na wenzako kazini, mchekeshane.

Kitu kingine nilichokipenda: mkekani kuna sheria moja ambayo hata mtoto anaijua. Mtu akikubana ukaona umezidiwa, unapiga mkeka kwa kiganja, pa-pa, na yeye anakuachia hapohapo. Haulizwi mtu kwa nini amepiga. Haambiwi avumilie kidogo. Anaachiwa.

Niandikie.

Mama yako

*

20 Aprili 1997

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote nikitumaini hutanielewa vibaya.

Barua zako tunazipata zote. Huwa nazisoma kwa sauti baada ya chakula, na tumekuwa tukifurahia habari za huko. Lakini hii ya mwisho haikuleta mema. Mambo ya kupigana, kwa umri wako na kwa nafasi yako ya mama, si ya kumwandikia mwanamke aliye ndani ya ndoa yake. Yanamtia fikra ambazo hazimsaidii.

Nasikitika pia kukujulisha kwamba mke wangu aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia. Amefungwa plasta na anaendelea vizuri. Kazini amepewa ruhusa. Hawezi kuandika kwa sasa, hivyo nimeona mimi nikuarifu.

Ningeomba barua zijazo ziwe za kawaida.

Mkweo

*

11 Mei 1997
(Kwa Bi. Chachu, Kiwanda cha Mikate. Tafadhali mpe mwanangu mkononi.)

Mwanangu,

Hii naituma kazini kwako. Nimemwandikia msimamizi wako karatasi yake peke yake, nimemwomba kwa jina la mama aliyemzaa.

Nilipopata ile barua nilipanda basi siku hiyohiyo, unajua. Mlinipokea vizuri. Nilipewa kiti kizuri na chai. Mumeo alikaa katikati yetu akawa ananieleza juu ya kodi za nyumba na bei za saruji, na wewe ukawa unaangalia kikombe. Nilipokuuliza mkono umefanya nini ulisema bafuni. Nikaomba kwenda kunawa. Bafu lenu lina sakafu ya saruji iliyokwaruzwa, mwanangu. Hata ukimwaga mafuta pale, mtu hatelezi.

Nikarudi sebuleni nikanywa chai. Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha, nikaaga, nikapanda basi nikarudi. Tangu siku ile kila ninachokunywa kina ladha ya chai ile.

Nilijua tangu gauni. Fundi hapimi mtu kwa miaka yote ile asijue kwa nini mtu anataka mikono mirefu kwenye joto. Nikajidanganya kwamba nikikufundisha kwa mafumbo utajua kwamba najua. Nilikuwa naogopa kuuliza wazi, kwa sababu ungenijibu, na ukinijibu ingenibidi nifanye kitu.

Sasa nauliza wazi. Anakupiga? Mkono umevunjikaje?

Rudi nyumbani. Vitambaa vyote nimevitoa chumbani kwako. Watu waseme mpaka ndimi zao zikauke. Mama yako mdogo naye ameshasema nikulete.

Judo nimeiacha. Nimemrudishia Komeo sare yake.

Mama yako

*

8 Juni 1997

Mama,

Bi. Chachu aliniletea barua yako nyumbani, ikiwa ndani ya mfuko wa unga. Naandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke mwandiko.

Umeuliza wazi, nakujibu wazi. Ndiyo. Tangu mwezi wa pili wa ndoa.

Mkono ulivunjika hivi. Ile barua yako aliisoma mezani kama kawaida yake. Alipofika pale pa kidole gumba akacheka sana. Akaisoma tena. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Haya, mama yako ni mwalimu siku hizi. Nioneshe alivyosema." Nikamwambia tuache utani, chakula kinapoa. Akasema, "Nioneshe." Akakaza.

Basi nikageuza mkono upande wa gumba, nikakunja kiwiko, kama ulivyoandika. Mama, ulitoka. Ulitoka kabisa, kama uzi. Nilishangaa mwenyewe, nadhani hata nilitabasamu. Sekunde ile moja nilikuwa mtu.

Halafu aliacha kucheka.

Uliandika vizuri jinsi ya kuutoa mkono. Hukuniandikia mkono ukishatoka unakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kati ya meza na ukuta, na mkono wangu uko huru, na sina pa kuupeleka. Akaushika tena, safari hii kwa mikono miwili.

Unanisimulia juu ya kupiga mkeka. Mimi niliupiga, mama. Niliupiga Januari ya mwaka jana, kwenye barua ya kwanza kabisa. Nilikuomba nije kupumzika. Nilikuuliza baba akikasirika anafanya nini. Mtu anauliza hivyo kwa sababu gani? Ukaniambia vikombe hugongana. Ukaniambia chumba kina vitambaa.

Sikuandikii kukuumiza. Naandika kwa sababu umeuliza.

Nimeshatoka kule. Bi. Chachu na mumewe walikuja na gari la mikate alfajiri, mume wangu akiwa safari ya kikazi, tukapakia nguo zangu chini ya makreti. Niko mahali salama. Sikuambii ni wapi, kwa sababu atakuja kwako kwanza, na wewe hujui kudanganya. Uso wako unasema kila kitu kabla ya mdomo. Na nyumbani siji. Si kwa sababu ya watu. Sijui nitaingiaje mlango ule nikuamkie kama zamani.

Usiniandikie mpaka nitakapokuandikia mimi. Kama huwezi kujizuia, tuma kwa Bi. Chachu. Lakini sikuahidi kwamba nitajibu.

Mwanao

*

16 Novemba 1997
(Kwa Bi. Chachu, amfikishie)

Mwanangu,

Nimejizuia kadiri nilivyoweza. Sitajitetea. Kila ulichoandika ni kweli, nimekisoma mpaka karatasi imekatika kwenye mikunjo, nimeishona kwa uzi.

Kuna jambo la kukuarifu. Alikuja, kama ulivyosema. Aliingia chumba cha cherehani mchana, na zawadi ya sukari mkononi. Alianza kwa kulia. Akasema amekosa, akasema ni shetani, akaniita mama. Mwanangu, nitakuambia la aibu: kidogo nimpe kiti. Mkono wangu ulishafika kwenye kiti. Mazoea ni kitu kibaya sana.

Nikamwambia, "Sijui aliko, na ningejua nisingekuambia. Toka." Hapo machozi yakakauka kama maji kwenye pasi ya moto. Akanishika kifundo cha mkono. Nadhani alikumbuka ile barua, maana alikenua meno.

Nikageuza upande wa gumba, nikatoka. Na mkono ulipotoka sikusimama. Nilipita kando yake na miguu yangu hii ya bawaba, nikatoka nje mpaka katikati ya barabara, nikapiga kelele kwa jina la kila mtu ninayemfahamu mtaani. Alikuja muuza maziwa, wakaja wajenzi kutoka dukani na makoleo yao. Akaondoka na sukari yake.

Nilikaa chini palepale barabarani nikalia. Si kwa woga. Nililia kwa sababu jibu la swali lako lilikuwa rahisi kiasi hicho. Mkono ukishatoka, unakwenda kwa watu. Na wewe hukuwa na watu, kwa sababu mtu wako wa kwanza nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekufungia mlango.

Komeo alisikia akaja kuniona. Alisema, "Mama Fundi, rudi. Wanawake wa jioni wanakuulizia. Na mimi nataka uwe mwalimu wao, mimi wananiogopa, hawaniulizi wanachotaka kuuliza." Nikamwambia mtu aliyemvunja mwanae mkono kwa barua hafai kufundisha hata kuku. Akasema, "Mimi nimefundisha kushika na kuachia maisha yangu yote, na sijawahi kumfundisha mtu pa kukimbilia. Sikujua kama ni somo."

Nimerudi. Sikuombi uniruhusu, nakuarifu tu.

Mama yako

*

27 Septemba 1998
(Kwa Bi. Chachu, amfikishie)

Mwanangu,

Jana nilifanya mtihani wa ualimu. Sina mwingine ninayetaka kumsimulia, kwa hiyo vumilia. Nisamehe, neno hilo limenitoka. Futa. Sikiliza tu, ukipenda.

Si ualimu mkubwa. Wakubwa wana mikanda myeusi na wameanza wakiwa watoto. Huu ni wa kufundisha wanaoanza, na darasa la wanawake. Lakini watahini walikuwa walewale wa huo mkubwa, wazee watatu wamekaa nyuma ya meza, mikanda imechakaa mpaka inaonesha nyuzi. Nilitamani kuwaambia waniachie niikarabati.

Kuanguka nilianguka vizuri. Kumwangusha karani wa mahakama nilimwangusha, ingawa nadhani alinisaidia. Kisha wakasema, "Onesha kujitoa kwenye mshiko wa kifundo cha mkono, na ueleze kama unavyomweleza mwanafunzi."

Hapo mwili ulikataa. Muuza maziwa alikuwa amenishika, mimi nimesimama kama mti. Mzee wa katikati akauliza, "Umesahau?" Nikasema, "Hapana, mzee. Zoezi nalikumbuka mno. Naomba nilifanye kwa namna yangu." Akaniruhusu. Nikageuza mkono, nikatoka, na sikusimama: nikavuka mkeka, nikapita meza yao, nikavuka barabara na miguu mitupu. Wananisubiri ndani, kumbe mimi niko ng'ambo nimesimama kwa fundi viatu, nahema, na yeye ananiuliza, "Mama, sare gani hiyo, umetoroka hospitali?"

Nilirudi nikawaeleza kwamba somo linaishia pale kwa fundi viatu. Haliishii kwenye kiwiko. Mmoja akasema hiyo si judo. Mzee wa katikati akaniuliza, "Mwanafunzi wako akikuambia, mume wangu ananishika, nifanyeje, utamjibu nini?"

Nikasema, "Nitamuuliza kwanza kama ana mtu wa kumkimbilia."

"Na akisema hana?"

"Nitampa anwani yangu kabla sijampa mshiko wowote."

Aliandika kwa muda mrefu. Yule aliyesema si judo akawa anatikisa kichwa. Wamenipa cheti. Komeo alinishika mkono, akasahau kuachia, akasema sasa niitwe Mwalimu. Wanawake wa jioni walileta soda.

Nilirudi nyumbani nimekishika kile cheti, nikaingia chumbani kwako nikakaa kitandani. Kila neno nililowajibu wazee wale limetoka mdomoni mwako. Umelipa wewe, nimepewa mimi. Sijui furaha ya namna hiyo inashikwa vipi.

Mama yako

*

14 Februari 1999

Mama,

Shikamoo.

Bi. Chachu amenitumia barua zako zote. Nimezisoma. Mara nyingine nilianza kujibu nikaona ninaandika mambo ya hali ya hewa, nikaacha.

Talaka nimeipata mwezi uliopita. Alikuja mahakamani amevaa suti, akasema mimi ni mtelezaji. Hakimu aliuliza mara ngapi mtu anaweza kuteleza, watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikatoka nje nikatapika.

Nafanya kazi kwenye duka la mikate mji mwingine. Sikandi tena. Mkono umepona lakini haunyooki wote, na asubuhi za baridi unakataa kabisa. Napima, nakata, nahudumia wateja. Kukanda ndiko nilikokupenda. Nilikuwa hodari, sijui kama niliwahi kukuambia. Bi. Chachu alisema nina mikono ya mkate.

Uliposimulia habari ya fundi viatu nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nilikasirika siku nyingi, kwa sababu wale wanawake wa jioni wanampata mama ambaye mimi nilimhitaji. Nimejaribu kulifikiria kwa upole, sijaweza bado. Sijakusamehe, na wala sikuchukii. Niko mahali fulani katikati, na ndipo ninapoishi kwa sasa.

Nimepata likizo mwezi wa nne. Nitakuja huko. Nitafikia kwa mama mdogo, nimeshamwandikia, amekubali. Kwako sitalala. Tafadhali usinipikie, usije kunipokea kituoni.

Nataka kuja kukuona unafundisha. Nitakaa kwenye benchi. Usinitambulishe kwa mtu, usinipandishe mkekani. Kama nitaondoka katikati ya darasa, usinifuate.

Mwanao

*

1 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba.

Sitakuja kituoni. Sitapika. Sitamwambia mtu kwamba wewe ni nani, ingawa muuza maziwa ana macho, atajua kwa hilo paji la uso tunalofanana, nitamwambia anyamaze. Ukiondoka sitakufuata.

Ulisema ulikuwa hodari wa kukanda. Hukuwahi kuniambia. Ahsante kwa kuniambia.

Tunaanza saa kumi na moja jioni, Jumanne na Alhamisi. Benchi liko kushoto, chini ya dirisha, linayumba kidogo upande mmoja, kaa mwisho wa pili. Kitu kimoja tu nikueleze ili usihangaike: mlango wa ukumbi huwa hausukumwi, unavutwa kuja kwako. Waliouweka waliukosea. Wanawake wengi wanaokuja mara ya kwanza huusukuma, ukigoma wanadhani umefungwa, wanageuka kurudi. Mimi siku hizi sianzi darasa mpaka nimetoka nje kwanza nikaangalia barabarani.

Mama yako